Friza ya Pweza Pwani ya Kusini: Kizuia Mvuke Kikae Upande Gani?

Miongozo mingi ya povu la poliyurethani la kupuliza, linalozuia joto kupenya ukuta, imeandikwa kwa ajili ya nyumba za Kanada na kaskazini mwa Marekani. Huko wakati wa baridi joto liko ndani, mvuke unakimbilia nje, na nailoni ya kuuzuia hubandikwa upande wa ndani wa ukuta. Anayejenga chumba cha kugandishia pweza Lindi au Mtwara akiifuata kama ilivyo, amekosea upande. Huku joto liko nje.

Tuangalie hesabu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 ina mgandamizo wa mvuke (nguvu inayousukuma upenye) wa karibu Paskali 3,200. Ndani ya friza ya nyuzi -20 ni kama 100 tu. Nyumba ya Kanada yenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 40, nje kukiwa nyuzi -10, tofauti yake haizidi sana 800. Ukuta wa Mtwara unasukumwa karibu mara nne zaidi, tena mwaka mzima. Kule kiangazi kikifika ukuta hukauka. Huku hauna nafasi ya kukauka mpaka mashine izimwe.

Mafundi wanagawanyika hapa. Wapo wanaosema povu la seli zilizofungwa, yaani lenye vitundu visivyounganika, la kilo 30 hadi 35 kwa mita ya ujazo, lenyewe ni kizuia mvuke likifika milimita 50, na friza inabeba 150. Wana hoja nzito: povu halina maungio, ilhali nailoni ina mapishano na matundu ya misumari, na povu halishiki vizuri juu yake.

Wengine wanajibu kwamba kupunguza mvuke si kuuzuia. Unaopenya huganda humo humo, na barafu hupitisha joto zaidi ya mara 80 kuliko povu kavu. Penye ufa kwenye kona ya dari au pembeni mwa bomba, hewa yenyewe inaingia na mvuke wake, na unene wa povu hausaidii kitu.

Kwa chumba cha nyuzi 0 hadi 4, wa kwanza wako sahihi: milimita 100 zilizopulizwa bila pengo zinatosha. Kwa friza hapana. Ukuta wa tofali za saruji upigwe lipu, ukauke, upakwe rangi ya lami ya maji mikono miwili upande wa ndani, ndipo povu lije juu yake. Lami ya petroli isiyokauka sawasawa huharibu povu. Jaribu kwanza mita moja ya mraba. Kesho yake kata kipande ukivute. Kikibanduka kisafi, badilisha rangi.

Kuna mgongano ambao wengi wanaupita: ukuta wa ndani lazima uoshwe, kwa hiyo unafunikwa kwa bati la alumini au faibaglasi. Bati hilo nalo linazuia mvuke, kwa upande usiofaa. Likiwa limezibwa zaidi kuliko lami iliyo nyuma ya povu, maji yanayopenya yananaswa kwenye povu badala ya kwenda kuganda kwenye kipoozeo (koili baridi ya friza), ambako angalau huyeyushwa na kumwagwa. Lami ndiyo iwe ngumu kupenyeka kuliko kifuniko cha ndani.

Upulizaji wenyewe usifanywe ukuta ukiwa na jasho. Kwa hewa ile ya nyuzi 30, umande huanza karibu nyuzi 25, hivyo ukuta uwe angalau 28. Povu likikutana na maji hutoa gesi, huvimba matundu makubwa na kuachia ukuta. Kila tabaka lisizidi milimita 50, lipoe kabla ya jingine. Ukipiga 150 kwa mkupuo mmoja, katikati huungua na linaweza kushika moto.

Friza ya zamani inayofanya kompresa isipumzike, kata humo mchemraba wa povu wa sentimita 10 kila upande, chini karibu na sakafu. Mkavu una uzito wa gramu 35 hivi. Ukikuta gramu 100, zilizozidi ni maji, na kupuliza povu jipya juu yake ni kuyafungia humo.