Jina halisomi? Angalia kweri yako kwanza

Juzi nilimsikia karani wa dirishani, ofisi siitaji, akimwambia bibi mmoja, "Bibi, jina lako halisomi kwenye mfumo." Kadi ya bibi imechakaa pembe, imeandikwa Hadija. Karani kaandika Khadija, ndivyo anavyolijua yeye. "Labda ulisajiliwa kwingine."

Sina ugomvi na karani. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoandika hii mifumo.

Mnajua vizuri kilichomo nyuma ya kile kisanduku cha kutafutia: kweri, yaani swali linalotumwa kwenye hifadhidata, LIKE '%khadija%' (tafuta khadija popote ndani ya jina), kisha tukaenda kunywa chai. Alama ya asilimia (%) inameza herufi zozote mbele na nyuma, lakini haijui kuwa K inaweza isiwepo. Kichekesho ni kwamba angeandika hadija angewapata wote wawili, maana hadija imo ndani ya Khadija. Bahati nasibu! Na ukitafuta ali, analetwa Salim, Khalid na Halima juu yake.

Zainab na Zainabu, Abdalla na Abdallah, Yusuf na Yusufu. Mtu ana vyeti vitatu na kila karani kaandika alivyosikia. Hilo tumelijua tangu shule ya msingi, ila tukishika kompyuta tunalisahau.

Msiniletee Soundex, ile mbinu ya kugeuza jina kuwa msimbo kwa matamshi yake. Ilipewa hataza Marekani mwaka 1918, na herufi ya kwanza haiachii: Hadija ni H320, Khadija ni K320. Bibi bado hasomi.

PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ina kiongezo kiitwacho pg_trgm, bure kabisa. Inakata jina vipande vya herufi tatu tatu, kisha inalinganisha. Hadija na Khadija wana vipande 10 kwa jumla, 5 vinafanana: alama 0.5, wakati kiwango chake cha kawaida cha kukubali ni 0.3. Tena indeksi (faharasa ya kuharakisha utafutaji) ya aina ya GIN inafanya kazi hapo, wakati asilimia ya mbele inaiacha indeksi ya kawaida, B-tree, ikikodoa macho na jedwali zima linasomwa mstari kwa mstari.

Haya, LIKE inafaa kwa namba za risiti zinazoanza na herufi fulani. (Zikiwa na kistari cha chini, shauri yenu: kinakubali herufi yoyote moja.) Na ni kweli, majina yanayofanana yataleta Khadija wa watu wengine. Tarehe ya kuzaliwa ipo kwa kazi gani?

Kama hayo yote ni mazito, basi futeni ule ujumbe wa mfumo, "Hakuna rekodi". Andikeni "Hakuna jina lililoandikwa hivi, jaribu tahajia nyingine." Ni mstari mmoja, hata kikao hauhitaji.