Na sisi wa Iringa tumo

Mwandishi, hongera kwa makala ya watoto kuhusu kasa na plastiki, binti yangu wa darasa la nne kaisoma yote. Ila usafi umewaachia watoto wa pwani tu. Mvua kubwa ikinyesha, simama daraja la Ipogolo uone Ruaha Mdogo unavyobeba chupa za maji, rambo na vifuko vya barafu. Mto huo unaingia Ruaha Mkuu, nao unaingia Rufiji, na Rufiji unamwaga baharini upande wa Mafia, kisiwa ambacho kasa hutaga. Najua mtasema mabwawa yatazuia. Sawa, takataka hizo zikibaki bwawa la Mtera si zinabaki na perege tunaowala wenyewe?

Binti kaniuliza, kwa nini kasa asiteme? Hilo hukulieleza. Koo la kasa lina miiba mingi iliyoelekea tumboni, inashikilia chakula wakati anatoa maji ya chumvi aliyomeza. Akiona rambo inaelea anadhani ni yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini anayemla, anaimeza, na ile miiba hairuhusu irudi. Tumbo linajaa takataka, hasikii njaa, anakonda. Wengine hujaa gesi wakashindwa hata kuzama, wanaelea juu juu mpaka boti inawagonga.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, na kweli ile mikubwa ilipungua sana. Lakini vile vifuko laini vya karanga na ubuyu bado vimejaa sokoni. Huku kwetu nani anavikagua?