Mshenga Aliyezuiwa na Mita 1,100

Mshenga huruhusiwa mambo mengi. Anaruhusiwa kumsifia kijana wake bila kipimo, kujifanya hasikii vizuri inapotajwa idadi ya ng'ombe, na hata kusahau kwa makusudi mbuzi walioahidiwa katika kikao kilichopita. Asichoruhusiwa ni kutokuwapo. Ndiyo maana katika ukoo wetu hapa Dodoma habari ya mimi kukosekana asubuhi ya mahari, eti kwa sababu nilikuwa nimetoka chini ya bahari, husimuliwa kila panapokuwa na pilau, na kila msimuliaji huongeza kina cha maji kadiri anavyoona inafaa.

Nilikuwa likizo Unguja pamoja na mke wangu, na nilikuwa nimejiandikisha katika mafunzo ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa huko Nungwi, yale ya ngazi ya kwanza ambayo humruhusu mhitimu kushuka hadi mita 18. Sehemu ya nadharia nilikwisha kuisoma kwenye simu nikiwa nyumbani Area C, jioni baada ya kazi, huku watoto wakiniuliza ni kwa nini mtu wa Dodoma, anayeishi mahali ambapo mvua huja msimu mmoja tu na kwa kusitasita, anahitaji kujua namna ya kupumua ndani ya maji. Lilikuwa swali zuri, na sikulijibu. Kuogelea nilijifunzia kwenye bwawa la hoteli moja mjini, nikiwa mwanafunzi pekee mwenye kitambi, na nilipofika Nungwi nilizimudu zile mita 200 za kuogelea na dakika 10 za kuelea zinazotakiwa kabla ya mambo mengine, ingawa mwalimu alisema hajawahi kumwona mtu anayeelea kwa kelele kiasi kile.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa masharubu. Niliyafuga tangu siku nilipoteuliwa kuwa mshenga wa mtoto wa marehemu kaka yangu, kwa kuwa Baba Mkubwa, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho kwetu, aliona kwamba mwenye uso mtupu hapunguziwi ng'ombe. Sasa, miwani ya kuzamia huzuia maji kwa mdomo wake laini unaogandamana na ngozi kuzunguka macho na pua, na pakiwa na nywele katikati, maji hupata njia. Katika bwawa la mafunzo maji yalinijia puani kila baada ya muda mfupi, nikawa naona sakafu ya bwawa kupitia bahari ndogo iliyokuwa ndani ya miwani yangu mwenyewe. Mwalimu, kijana wa Nungwi mwenye sauti ya chini, alinishauri nipake mafuta ya silikoni chini ya pua. Nilipaka, na maji yakaendelea kuingia, ila sasa yakiteleza vizuri zaidi. Nikanyoa. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza kama wakwe watanitambua.

Mafunzo hayo yana mbizi nne za baharini. Mbili za mwanzo, ambazo hazipaswi kuzidi mita 12, tulizimaliza bila tukio la kutaja. Mbili za mwisho zilicheleweshwa na kusi, kwa maana ilikuwa Agosti na upepo huo haupangiwi ratiba, hadi bahari ilipotulia tarehe 6. Hilo halikunisumbua hata kidogo, kwa sababu ndege yetu ilikuwa jioni ya tarehe 7 na mahari ilipangwa kupelekwa Mvumi tarehe 8, siku ya Nane Nane, ambayo ni mapumziko na kila mtu angekuwa na nafasi.

Basi asubuhi ya tarehe 6 tukaenda upande wa kisiwa cha Mnemba, boti ikiruka juu ya mawimbi kwa namna iliyonifanya nikumbuke chai yote niliyokunywa. Huko chini, kwenye mchanga mweupe, mwalimu alinipa ishara ya zoezi nililokuwa nikiliogopa kuliko yote: kuvua miwani kabisa, kuivaa tena na kuyatoa maji. Nikapiga magoti, nikafumba macho, nikavua. Maji ya bahari yakanishika kope na tundu za pua kwa wakati mmoja, na kila sehemu ya mwili wangu iliyozaliwa Dodoma ikapiga kelele kwamba niondoke. Nilisikia mapovu yangu yakipita masikioni, nikajikumbusha kwamba kinywa bado kina hewa na kwamba pua haina kazi yoyote hapo, nikarudisha miwani usoni, nikagandamiza ukingo wake wa juu kwa vidole, nikatazama juu na kupuliza kwa pua taratibu. Maji yakashuka, yakafika mashavuni, yakatoka yote. Nilipofumbua macho, mwalimu alikuwa ananipigia makofi ambayo hayakuwa na sauti, na pembeni yake chewa mmoja mnene alikuwa ametulia chini ya mwamba, akinitazama kwa uso uleule ambao Baba Mkubwa huuvaa akipokea hesabu za michango.

Mbizi ya mwanzo siku ile ilifika mita 18 kamili. Kabla ya kuibuka husimamwa mita 5 chini ya uso wa maji kwa dakika 3, ili mwili upate nafasi ya kutoa gesi taratibu. Wenzangu walisimama hapo wima kama wanasubiri daladala, na mimi nilining'inia kwenye kamba ya nanga nikiwa miguu juu, kwa kuwa jaketi langu la kuelea lilikuwa na hewa zaidi ya niliyoipanga. Baada ya mapumziko tulirudi tena majini, safari hii si kwa kina kile. Tulipoibuka mara ya mwisho ilikuwa saa nane mchana, na mwalimu akanipa mkono mbele ya watu wote botini, akisema nimefuzu.

Mke wangu alikuwa amesimama ufukweni na mabegi yote mawili.

Wakati mimi nikipuliza pua, Mvumi walikuwa wamebadilisha siku. Mzee mmoja wa upande wa binti, fundi mstaafu wa kuchimba visima aliyefanya kazi miaka mingi kule Makutupora, alitaka siku ya Nane Nane awe Nzuguni akaangalie mashine ya kukamulia alizeti, na kwa kuwa bila yeye kikao kisingefanyika, mahari ikavutwa nyuma hadi tarehe 7, saa nne asubuhi. Baba Mkubwa alikubali bila kumuuliza mtu, akampigia mke wangu, naye kwa uhodari wake wa kawaida akabadilisha tiketi zote mbili ziwe za jioni ileile. Gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa linanguruma.

“Huyu haendi popote leo,” alisema mwalimu, akiwa bado amebeba mtungi begani.

Akanionyesha kompyuta yake ya mkononi, ile ambayo mzamiaji huivaa kama saa. Kwenye kioo palikuwa na picha ndogo ya ndege, na picha hiyo, alieleza, ina maana kwamba ndege usiiguse. Mita 18 chini ya maji, mwili hubanwa kwa karibu mara tatu ya unavyobanwa juu ya nchi kavu, na naitrojeni iliyomo katika hewa ya mtungi huingia kwenye damu na nyama kwa wingi. Hutoka kwa kupumua, lakini hutoka kwa saa nyingi, na mtu akipanda mahali penye hewa nyepesi kabla haijatoka, hugeuka mapovu humo humo mwilini; wengine huumwa viungo, wengine hupooza. Aliyepiga mbizi zaidi ya moja kwa siku anatakiwa asubiri angalau saa 18.

Mke wangu, ambaye hana tabia ya kubishana na kupooza, alimpa mwalimu simu azungumze na mwenye kauli ya mwisho.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nani amesema mwanangu hawezi kupanda ndege?”

“Ni gesi iliyomo mwilini mwake, mzee wangu. Asubiri mpaka kesho saa mbili asubuhi.”

“Basi ndege aiache. Apande basi la usiku.”

“Hata basi, mzee. Dodoma iko juu.”

“Juu ya nini?”

“Juu ya bahari.”

Simu ilinyamaza kwa muda. “Kijana, mimi nimezaliwa hapa. Hapa ni tambarare. Tuna Mlimwa na tuna ule Mlima wa Simba, na hatuna nia ya kumpandisha mshenga kokote.”

“Hiyo tambarare yenyewe ndiyo iko juu, mzee. Mita zaidi ya 1,100.”

“Na dereva akija polepole?”

“Si mwendo, mzee wangu. Ni kimo.”

Baba Mkubwa hajawahi kushindwa hoja kwa urahisi. Aliuliza kimo kinachokatazwa kinaanzia wapi, akaambiwa kama mita 600. Akauliza Morogoro mjini ikoje, akaambiwa Morogoro hapana tatizo, anaweza hata kulala. Akafikiri kidogo, kisha akapendekeza, kwa dhati kabisa, kwamba wakwe wapakiwe kwenye basi dogo wapelekwe Morogoro na ng'ombe wafuate nyuma.

Mke wangu hakuwa amelowa zaidi ya magoti likizo nzima, kwa hiyo aliondoka na ndege, na bahasha ya mahari, na nguo zangu zote isipokuwa shati moja. Kabla hajaabiri alitoa taarifa fupi kwenye kundi la simu la ukoo kwamba nimezuiwa kusafiri kwa sababu nina gesi. Usiku ule nilipokea ushauri wa tangawizi, wa mwarobaini na wa maji ya moto yenye limau, na Shangazi akaacha ujumbe mrefu wa sauti akisema wanaume wa ukoo wetu wote huwa hivyo wakila maharage, lakini hakuna aliyewahi kulifanya sababu ya kuahirisha mahari.

Ilipotimia saa mbili asubuhi, saa ambayo niliruhusiwa kupanda kimo chochote duniani, nilikuwa ndani ya boti kati ya Unguja na Dar es Salaam, katika usawa wa bahari kabisa. Treni ya mwendokasi ilinichukua kutoka Dar, na tulipoipita Kilosa na kuanza kupanda nikawa najikagua viwiko na magoti, hadi nilipohisi maumivu chini ya sikio na kumweleza abiria wa jirani yangu kwamba huenda damu yangu inachemka. Aliniangalia, akanionyesha pale paliponiuma mbu, kisha akahamia kiti kingine.

Nilifika Mvumi saa kumi na moja jioni. Wazee walikuwa wamekaa chini ya mbuyu tangu saa nne, wakwe upande huu na ukoo wangu upande ule, na kwa jinsi walivyokaa nilijua kwamba mazungumzo yaliisha muda mrefu.

“Mbukwa,” nilisalimia, nikiinama.

Hakuna aliyeitika. Mzee wa pembeni alinitazama usoni, akawageukia wenzake. “Mshenga tuliyempokea na barua alikuwa na masharubu.”

“Ni yeye huyohuyo,” alisema Baba Mkubwa. “Yameliwa na bahari.”

“Bahari imekula masharubu, ikaacha nyusi?”

Mke wangu alisimama kunishuhudia, akaambiwa kwa heshima kwamba katika shughuli kama hii ushahidi wa mke hauna uzito. Ikatolewa simu yenye picha ya siku ya barua, ikazungushwa, ikalinganishwa na uso wangu kwa mbali na kwa karibu, na maoni yakagawanyika. Hapo bibi wa binti aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na kipande cha mkaa, akanishika kidevu kama anayemfuta mtoto makamasi, na kunichora masharubu mawili manene yaliyopinda juu. Akarudi nyuma hatua moja.

“Ndiye,” alisema.

Nikaketi, na majadiliano yote ya mahari nikayaendesha nikiwa nimechorwa mkaa, kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza, huku shangazi za binti wakijifunika khanga kila nilipotamka neno “heshima”.

Ilibaki faini ya kuchelewa. Mimi tumaini langu lilikuwa kwa yule mstaafu wa visima, maana alikuwa mtu pekee aliyenisikiliza bila kucheka. Aliuliza mtungi hujazwa kwa shinikizo gani, nikamwambia kiasi cha bar 200, akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za rafiki wa zamani. Aliuliza maji yanabana kiasi gani kwa kila mita 10, akanijibia mwenyewe, na akajibu sawasawa. Akawaeleza wazee wenzake kwamba yote niliyosema ni kweli, kwamba hewa inaingia kwenye damu, na kwamba kama ningepanda jana ningeweza kuletwa hapa nimelazwa. Baba Mkubwa alishusha pumzi.

“Kwa hiyo nimemwelewa kabisa,” alimalizia mzee. “Faini ni shilingi elfu moja kwa kila mita. Alishuka ngapi?”

“Kumi na nane,” Baba Mkubwa aliwahi kujibu, kwa kuwa alikuwa ameogopa ng'ombe.

“Na wakati wa kurudi, mshenga, ulipanda moja kwa moja mpaka juu?”

Hapo nilifurahi kupata mtu wa kuongea naye kitaalamu. Nikamweleza kwamba la hasha, mzamiaji aliyefunzwa hapandi moja kwa moja, bali husimama kwanza mita 5 kwa dakika 3, jambo ambalo mimi mwenyewe nililifanya kwa ukamilifu.

Mzee akamgeukia kijana aliyeshika daftari. “Ongeza na hizo tano.”