Nguzo imefika, nyaya za ndani je?

Nimesoma makala inayosifu mpango wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wa kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo 2030. Sawa, ila hesabu zisiishie kwenye nguzo. Kijijini kwetu Tanzania kuunganishiwa ilikuwa shilingi 27,000 tu, nafuu kabisa. Watu wamekwama kwa fundi: nyaya, swichi, soketi, sijui nini tena, jumla inafika bei ya mbuzi watatu. Mama jirani nguzo iko hatua kumi toka mlangoni, mwaka wa pili huu bado anatumia taa ya sola. Mwenye mashine ya kusaga naye bado ananunua dizeli. Huyo wa mashine ndiye wa kukopeshwa kwanza hela ya nyaya za ndani. Atanunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) kila siku, siyo sisi wa taa mbili na kuchaji simu.