Dar nayo ipewe kadi yake ya makumbusho

Pasi ya makumbusho, ile kadi moja ya kuingilia makumbusho mengi, haifuti foleni. Nalisema mapema kwa sababu kila jamaa anayejiandaa kwenda Ulaya siku hizi amejazwa maneno kwamba akinunua pasi ya jiji atapita milangoni kama waziri. Inachofuta ni foleni moja tu, ile ya dirisha la tiketi. Foleni ya ukaguzi wa mabegi iko palepale, na huko mwenye pasi na asiye nayo wanavua mikanda pamoja.

Chukua Paris. Pasi yao, Paris Museum Pass, huuzwa ya saa 48, 96 au 144, na inafungua makumbusho na majengo ya kale zaidi ya 50. Lakini Louvre inakutaka uchague saa yako mtandaoni hata kama pasi unayo mkononi, na kila Jumanne imefungwa. Ukianza kuitumia ile ya saa 48 Jumanne asubuhi, siku nzima ya kwanza Louvre utaiona kwa nje. Roma nako kuna Roma Pass, ya saa 48 au 72, ila Makumbusho ya Vatican hayamo. Vatican ni nchi nyingine, ina mlango wake na foleni yake, tena ndefu kweli. Kwa hiyo anayesafiri asome kwanza kilichomo na kisichomo, aweke nafasi ya saa kule inakotakiwa, ndipo atoe pesa.

Pamoja na hayo yote, mimi ni mpenzi wa hizi pasi, na sababu yangu haihusiani na foleni. Mtu aliyelipa kiingilio cha siku moja hujilazimisha kuona kila kitu. Anazunguka mpaka miguu inawaka moto, na kufika chumba cha mwisho hasomi tena maelezo, anatafuta kiti. Mwenye pasi anaingia, anaangalia kitu kimoja kwa utulivu, anatoka kwenda kula, kesho anarudi. Waholanzi wamelielewa hili kuliko wote. Wana kadi ya mwaka mzima, Museumkaart, inayokubalika kwenye makumbusho zaidi ya 400, na wanaoitumia zaidi ni wenyeji wenyewe.

Sasa turudi kwetu. Mkazi wa Dar hahitaji kufundishwa foleni. Ameisomea Kimara akisubiri mwendokasi, akapata shahada pale kivukoni Magogoni. Makumbusho zetu hazina foleni ya namna hiyo. Ukikuta msongamano Mtaa wa Shaaban Robert, ilipo Makumbusho ya Taifa, mara nyingi ni mabasi ya shule yaliyoshusha wanafunzi kwa mkupuo, walimu wanahesabu vichwa. Na hapo ndipo lilipo tatizo letu: wengi wetu tuliingia Makumbusho ya Taifa tukiwa kwenye hayo mabasi, na hatujarudi tena. Maelfu wanashuka kituo cha Makumbusho kila siku, wanabadilisha daladala, na hawajawahi kuvuka kwenda kukiona hicho Kijiji cha Makumbusho chenyewe.

Ni hasara. Makumbusho ya Taifa imekuwepo tangu 1940, na ndiyo inayohifadhi fuvu la zamadamu Zinjanthropus, lile alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Kuna magari waliyotumia viongozi wa nchi. Kuna kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998, ambayo kwa mtu aliyekuwa Dar siku ile si kitu cha kupita haraka haraka ukiwa na watoto arobaini nyuma yako. Kijiji cha Makumbusho kilianzishwa miaka ya sitini, nyumba za asili za makabila yetu zikajengwa kwa ukubwa wake halisi, na ngoma huchezwa. Magomeni kuna nyumba aliyoishi Mwalimu wakati wa harakati za TANU. Hivyo vitu havimalizwi kwa siku moja, wala havistahili kumalizwa hivyo.

Ninachotaka ni kadi moja ya mwaka kwa sehemu hizo tatu. Makumbusho ya Taifa na Kijiji viko chini ya taasisi ileile, kwa hiyo kisingizio cha vikao vya wizara mbili hakipo kwa hizo. Teknolojia nayo tunayo. Kama tunaweza kugusisha N-Card, ile kadi ya kulipia, tukapanda kivuko au tukaingia Uwanja wa Benjamin Mkapa, mlango wa makumbusho una ugumu gani? Mimi ningetoa shilingi 20,000 kwa mwaka bila kunung'unika, na kadi ya familia hata 50,000.

Najua nitaulizwa: ukirudi utaona nini, wakati vitu ni vilevile? Swali la haki kabisa, na ndiyo maana naitaka hiyo kadi. Anayeuza tiketi ya siku moja hana deni kwa mteja wake. Anayeuza kadi ya mwaka ameshakula pesa yako, na ukirudi mwezi wa tatu ukakuta kabati lilelile na maandishi yaleyale yaliyofifia, mwaka ujao hununui. Atalazimika kubadilisha maonyesho, kuita wasanii, kufungua jioni mara moja moja ili mfanyakazi wa maeneo ya Posta naye apitie akitoka kazini badala ya kwenda kupigwa na jua kituoni. (Jua la saa kumi na moja la Dar mnalijua.) Kiingilio cha Mtanzania tayari ni kidogo kuliko cha mgeni, kwa hiyo wanaosema watu hawaji kwa sababu ya bei wananichekesha. Watu hawaji kwa sababu hakuna aliyewapa sababu ya kuja mara ya pili.

Kadi bado haipo, basi nenda hivyohivyo. Shaaban Robert ingia mara mlango unapofunguliwa, au subiri alasiri mabasi ya shule yakishaondoka. Mwendokasi ya Kivukoni itakufikisha karibu, utamalizia kwa miguu. Kijiji ulizia kwanza siku na saa ya ngoma, maana bila ngoma watoto watachoka mapema. Ila usijaribu kuunganisha Kijiji na Shaaban Robert siku moja. Kwa magari ya Barabara ya Bagamoyo ni kujitafutia hasira tu.