Nani Achague Lahani? Mwitaji na Wapigaji katika Dansi ya Kontra

Katika majimbo ya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, bado kuna kumbi za miji midogo ambamo watu hukusanyika jioni kucheza dansi ya kontra. Wachezaji husimama katika safu mbili ndefu zinazotazamana, bendi hupiga fidla na piano jukwaani, na kando ya bendi husimama mwitaji, ambaye kazi yake ni kufundisha miondoko kabla muziki haujaanza na kisha kuutaja kila mmoja muda mfupi kabla ya zamu yake kufika. Waitaji na wanamuziki hawa wanaheshimiana, lakini kuna swali ambalo halijawaishia, nalo si dogo kama linavyoweza kusikika kwa mgeni: lahani ya kuchezewa ichaguliwe na nani?

Ubishi huu unatokana na hesabu. Lahani ya kawaida ina vipande viwili, kila kimoja hupigwa mara mbili, na jumla yake ni vipimo 32, yaani mapigo 64 ya mguu. Dansi nayo hutungwa ienee humo humo, na mzunguko mmoja unapokwisha kila jozi huwa imesogea na kukutana na jozi nyingine, kisha yote huanza upya, mara 15 au zaidi. Kwa kuwa vipimo ni vilevile, karibu kila dansi inaweza kuchezwa kwa karibu kila lahani, na ndiyo maana bendi nyingi za leo huunganisha lahani mbili au tatu walizozizoea na kuzipiga kwa dansi yoyote iliyotajwa. Hesabu inakubali. Sikio haliishii kwenye hesabu.

Waitaji wanaotaka sauti katika uchaguzi huo wana hoja ya msingi. Tuchukue dansi ambayo kipande chake cha pili kinaanza kwa wachezaji kushikana mikono, kukanyaga mbele na kurudi nyuma kwa kishindo, halafu kuzungushana. Lahani yenye mapigo mazito mwanzoni mwa kipande hicho huwasukuma wachezaji wenyewe, hata yule aliyesahau la kufanya hujikuta amelifanya. Dansi hiyo hiyo ikipigiwa lahani inayotiririka kwa noti nyingi za haraka bila kituo, kishindo hukosa pa kutua, na mwitaji hulazimika kupaza sauti ili kuziba pengo ambalo muziki ungeliziba. Kinyume chake pia ni kweli: watu wanne wanaposukana kwa kupishana bega kwa bega, lahani ya kishindo huwakatakata mwendo. Zaidi ya hapo, mchezaji aliyepotea hujipata kwa kusikia kwamba kipande cha kwanza kimekwisha na cha pili kimeanza, na zipo lahani za milima ya Appalachia ambazo vipande vyake vinafanana kiasi kwamba mwitaji mwenyewe anaweza kupotea. Zipo pia za Quebec, nchini Kanada, zenye mapigo ya ziada hapa na pale, nzuri mno kusikiliza, ila zikiingia katika dansi ya kontra huvuruga ukumbi mzima kwa mzunguko mmoja.

Kuna ushahidi mwingine unaoelemea upande huo, nao unatoka kwa ndugu wa damu wa kontra, yaani dansi za kiingereza za mashambani. John Playford alipochapisha kitabu chake cha dansi hizo huko London mwaka 1651, kila dansi aliiambatanisha na lahani yake, na wanaozicheza mpaka leo wameshika desturi hiyo: ukitaja dansi, umeshataja na muziki. Wapigaji wao hawalalamiki kwamba wamefungwa mikono. Hutafuta uhuru ndani ya lahani moja, wakibadilisha sauti za chini na kupokezana ala kila mzunguko.

Hata hivyo wapigaji wa kontra wana jibu, na sidhani ni haki kulipuuza. Bendi ya watu watatu haina kila lahani mikononi. Ina zile ilizozifanyia mazoezi, na inajua kwamba kutoka kwenye lahani ya ufunguo wa D, yaani yenye D kama noti yake ya msingi, kwenda kwenye ya A katikati ya dansi kutawainua watu waliokwisha kuchoka. Mwitaji asiyepiga ala yoyote, akiwa na jina la lahani aliloliokota kwenye rekodi, anaweza kuwalazimisha wapige kitu wanachokijua nusunusu, na lahani nzuri iliyopigwa kwa woga ni mbaya kuliko ya kawaida iliyopigwa kwa moyo. Vilevile mwitaji hufika mahali akanyamaza, kwa sababu baada ya mizunguko kadhaa wachezaji wameshaijua dansi, na kuanzia hapo ni bendi peke yake inayowabeba. Anayebeba mzigo ana haki ya kuulizwa aubebe vipi.

Zamani mvutano huu haukuwa na nafasi kubwa, maana mara nyingi aliyepiga ndiye aliyeita. Katika karne ya 19 wapiga fidla Weusi, wengi wao watumwa, ndio waliopigia dansi za Wazungu katika sehemu nyingi za Marekani, na mtafiti Phil Jamison, katika kitabu alichokitoa mwaka 2015, ametoa hoja nzito kwamba desturi yenyewe ya kuita miondoko ilianzia kwao. Hili linastahili kusemwa wazi kila kontra inapoelezwa kama urithi wa wakulima Wazungu wa kaskazini tu. Katika karne ya 20, Dudley Laufman wa New Hampshire aliita huku akipiga fidla au kodiani, na kabla yake Ralph Page aliita, akaongoza okestra yake na kutunga lahani. Bob McQuillen aliyeanza kupiga kodiani na Page mwaka 1947 aliendelea kupigia dansi, baadaye akiwa kwenye piano, karibu hadi kifo chake mwaka 2014, na kuacha lahani zaidi ya 1,000. Watu wa namna hiyo waliyajua mahitaji ya miguu na ya vidole kwa pamoja. Leo kazi zimegawanyika, na kila upande unahitaji kuambiwa kile ambacho wale walikijua bila kuambiwa.

Kwa maoni yangu, kwa dansi nyingi bendi ndiyo ichague, lakini isichague gizani. Mwitaji aiweke kadi aliyoandikia miondoko ya dansi mbele ya kiongozi wa bendi mapema, aseme kishindo kiko wapi na mwendo wa kutiririka uko wapi, na kama inafaa jigi, ambayo kwa kawaida ina noti tatu katika kila pigo, au rili, yenye noti nne. Mambo matatu yabaki mikononi mwake bila mjadala: kasi, kwa sababu yeye ndiye anayeona mzee au mgeni anayeachwa nyuma, vipimo visivyo na pigo la ziada, na mwisho, anapoinua vidole kuonyesha mizunguko iliyobaki. Bendi nayo impe mwanzo ulio wazi, yale mapigo manne ya fidla kwenye sauti moja ambayo wenyewe huyaita viazi vinne, ili aweze kutaja mwondoko wa kwanza kwa wakati.

Nisichokubali ni dansi kongwe kutenganishwa na lahani zake. Money Musk ina vipimo 24 kama inavyochezwa New Hampshire, kwa hiyo rili ya vipimo 32 haiingii humo hata kwa nguvu. Chorus Jig, ambayo licha ya jina lake mdundo wake ni wa rili, na Petronella, zinaweza kihesabu kuchezwa kwa lahani nyingine, lakini vizazi vya wachezaji vimejifunza kugeuka pale lahani inapogeuka. Dansi mpya zinazomshughulisha kila mchezaji kila wakati zimezisukuma pembeni, na kila mwaka usiochezwa huongeza idadi ya wapigaji wasiozijua. Ningependa angalau moja ichezwe kila jioni, kwa muziki wake. Pale bendi inapokuwa ya wazi, ambamo yeyote mwenye ala anakaribishwa jukwaani, mwitaji mgeni awaandikie wenyeji siku kadhaa kabla kuwauliza wanaijua ipi. Wakisema Money Musk hawaiwezi, aiache na awapelekee noti zake wajifunze kwa safari ijayo.