Marguerite Abouet kati ya kitabu na skrini

Juzuu ya kwanza ya mfululizo wa vitabu vya katuni Aya de Yopougon, iliyochapishwa Ufaransa mwaka 2005, inaanza na familia iliyojikusanya mbele ya televisheni kutazama tangazo la bia. Ni mtaa wa Yopougon, jijini Abidjan, Côte d'Ivoire, mwishoni mwa miaka ya 1970. Marguerite Abouet, aliyezaliwa katika jiji hilo mwaka 1971 na kuhamia Ufaransa akiwa na umri wa miaka 12, aliitunga hadithi hiyo, na Clément Oubrerie akaichora. Mwaka 2013 wawili hao waliongoza filamu ya katuni yenye jina hilohilo, na baadaye Abouet akashiriki kubuni C'est la vie, tamthilia ya televisheni iliyotengenezwa Senegal. Je, skrini imemnufaisha mwandishi huyu, au imemwibia wasomaji wake?

Wanaolalamika wana hoja. Juzuu ya sita ya Aya ilitoka mwaka 2010, na ya saba ikangojwa hadi 2022. Hata hivyo, si haki kudai kwamba aliitupa kalamu, kwa kuwa vitabu vya Akissi, alivyowaandikia watoto, viliendelea kutoka katika miaka hiyo. Lawama yenye uzito zaidi inaihusu filamu yenyewe. Mwishoni mwa juzuu ya kwanza kuna kurasa zinazomfundisha msomaji kufunga kitenge na kupika mchuzi wa karanga, na ladha ya namna hiyo haina pa kukaa katika filamu isiyofika saa moja na nusu. Vivyo hivyo kwa mtoto wa Adjoua, rafiki yake Aya, mtoto ambaye sura yake inamuumbua baba halisi: msomaji wa kitabu aliachwa na shaka hiyo hadi juzuu iliyofuata, ilhali mtazamaji anapitishwa haraka kuelekea kisa kingine.

Lakini kitabu cha rangi chenye jalada gumu, kilichotolewa na mchapishaji wa Paris, ni ghali kwa kijana wa Yopougon, na Abouet analijua hilo, kwani ndiye aliyeanzisha shirika linalofungua maktaba katika mitaa ya Abidjan. Tena yeye si mchoraji. Tangu mwanzo kazi yake imekuwa kuwapa watu maneno ya kusema, kisha kumwachia mwingine awape sura. Kwa hiyo kumkabidhi mwigizaji maneno hayo si usaliti wa fani yake.

Kwa maoni yangu, kasoro ilikuwa umbo la filamu moja, wala si skrini. C'est la vie inaizunguka zahanati ya Ratanga, mtaa wa kubuni, pamoja na wakunga wake na siri za wanawake wanaofika hapo. Tamthilia, kama juzuu, hukatishwa pale mtu anapotaka kujua zaidi, na umbea wa mtaa, uleule aliousikia Yopougon utotoni, hupata muda wa kuiva kati ya kipindi na kipindi.